Adhana za Baba

Kioo cha kompyuta kilimuuliza Hafsa kama kweli anataka kufuta kila kitu, naye akaondoa tena kidole kwenye kitufe.

Kompyuta ile kuukuu ilikuwa imegoma kuwaka. Fundi wa mtaa wa Chikongola alijaribu kuokoa yaliyomo, akashindwa, akampa flashi yenye Windows mpya. "Ukiiweka hii, ya zamani yote yanakwenda," alimwambia.

Ya zamani ni adhana za baba yake, zilizorekodiwa msikitini Mikindani kabla kiharusi hakijamnyang'anya sauti na mkono wa kuandikia.

"Usifute!" mama yake alisema akiwa mlangoni. "Nitamsikia wapi tena?"

"Mama, bila flashi hii haiwaki. Hata tukiiacha hivi, hatumsikii."

Mama akaenda zake uani, anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Baba alikuwa ameketi kando, anagongagonga goti, macho hayatulii. Ghafla akajivuta mbele na kunyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima. Kidole kikasimama juu ya kitufe. Ukucha wake ulikuwa mrefu, umepauka.

"Baba, ni sauti yako hiyo."

Akabonyeza.

Kazi ilichukua mchana mzima. Baba hakukubali kwenda kulala, wala uji hakuugusa. Hafsa alipofungua ukurasa mtupu wa kuandikia, Baba alimsukuma kwa bega, akaanza kuzitafuta herufi mojamoja kwa kidole kilekile.

"Mwite mama yako," aliandika.