Chafya ya Gwakisa

Weupe wote wa jicho la kushoto la Gwakisa ulikuwa umejaa damu. Asukile alimtazama mdogo wake mara moja tu, akaifuata fimbo yake mlangoni.

"Nani kakupiga?"

Gwakisa akamwangalia mkewe.

"Hajapigwa, shemeji," Tumpe akajibu. "Kapiga chafya jana, kubwa kweli, jicho likawa hivyo."

Chafya! Thubutu! Asukile hakuzaliwa jana. Wiki nzima Gwakisa alikuwa amewagomea madalali wa viazi pale Mbalizi. Hauzi rumbesa, alisema, hauzi gunia linalojazwa mpaka linaota kichwa cha pili. Madalali wakaapa kumfundisha adabu. Basi ndiyo wamemfundisha, washenzi wakubwa! Wanamnyonya mkulima, akifungua mdomo wanamtoa jicho. Leo cha moto watakiona.

"Twende zahanati kwanza," alisema. "Waandike walichokuta. Halafu nawafuata mmoja mmoja."

"Zahanati ya nini? Litapona lenyewe." Tumpe akamkaza mumewe skafu shingoni. Asubuhi ilikuwa na baridi kali. Gwakisa akafumba macho.

Njia nzima Tumpe hakumwachia mkono.

Muuguzi, Evarista, alilimulika jicho kwa tochi. "Linauma?"

"Haliumi," Tumpe akasema.

"Nimemuuliza yeye, mama." Akamulika tena. "Kamshipa kamepasuka, damu imevujia juu ya weupe. Chafya inaweza. Kukohoa sana, kutapika, kubeba mzigo mzito, hata presha. Kupigwa pia. Au…" Akamtazama Gwakisa jinsi alivyokuwa akimeza mate kwa shida. "Mama, utusubiri nje."

"Mimi ndiye mkewe!"

"Nje."

Tumpe akatoka akibamiza mlango. Asukile akapiga meza.

"Nitajie jina moja tu, mdogo wangu! Dalali gani? Naapa, leo Mbalizi hapatakalika!"

Evarista akaifungua ile skafu taratibu. Shingo nzima ilikuwa na alama za vidole, vyembamba, vyenye kucha ndefu.

Gwakisa akautupia macho mlango uliofungwa, kisha akasema kwa kunong'ona, "Kaka, usinirudishe nyumbani."