Kitanda cha Kopo

Kopo la maziwa lilipenya kati ya fito za kitanda cha nne na kuangukia kwenye godoro. Mwanamkuu, mwenye mimba ya miezi minane, akainama kwa taabu kuliokota.

"Hiki nacho hapana, fundi."

Fundi Shebe akaitupa randa juu ya meza. Tangu asubuhi kazi ya mikono yake ilikuwa ikikaguliwa na kopo.

"Bibie, kitanda ni cha mtoto au cha kopo?"

"Nesi kaniambia, pakipita kopo, mwili wa mtoto utapita. Kichwa ndicho kitakachonasa. Niongezee fito, nitasubiri."

"Miaka ishirini nachonga vitanda. Mjukuu wangu analala kwenye kimoja kama hiki, hapo nyuma ya pazia. Mbona mzima?"

Mwanamkuu aliliweka kopo kando ya randa, akajishika kiuno, akakaa kwenye benchi.

Fundi alishika msumeno, akauweka. Akashika penseli, akaiweka. Mwishowe akasonya, akalinyakua kopo na kulifunua pazia.

Mjukuu alikuwa amelala fofofo, mguu mmoja umetokeza kati ya fito mpaka pajani.