Mpira wa Katikati

Mpira ulipita katikati yetu, ukadunda ndani ya mstari, na hakuna aliyeugusa. Watu wakacheka. Ulikuwa mchezo wa tenisi wa wawili wawili, wa wachezaji wastaafu tu, wa kuchangia paa la hekalu pale mjini kwetu Khon Kaen, lakini mimi damu ilinichemka.

"Mbona hukuupiga?" akauliza Dada Jeab, huku akikanda goti lake lenye bandeji.

"Si wako, dada? Ya katikati yote ni yako."

"Nani alisema?"

Hakuna aliyesema. Mimi ndiye niliyesimama kushoto, mkono wangu wa nguvu ukiwa katikati, na enzi zetu kocha alituimbia kila siku kwamba mipira ile ni yangu. Lakini Jeab alinizidi mwaka mmoja. Nimpokonye dada yangu mpira mbele za watu? Nikamwachia. Tukapoteza fainali zote hivyo hivyo, tukastaafu bila kombe hata moja.

"Miaka yote hiyo nilikuwa naomba moyoni uuchukue," akasema. "Nilikuwa nachoka, we!"

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Ungedhani nakulaumu."

Nikaibana raketi mpaka nyuzi zikanichora vidole.

"Unaofuata chukua wewe," akasema. "Nakuomba, mdogo wangu."

Akaanzisha yeye. Mpira ukarudi katikati, wa polepole, mtamu kabisa. Nikavuta mkono nyuma, nikapiga hatua.

"Wangu!" akapiga kelele Dada Jeab.

Na mimi, mjinga mkubwa, nikasimama.