Takia la Ndovu

Walikuwapo Kobe na Ndovu, wala msiniulize walikutana wapi. Kobe alifundisha wanyama kukaa kimya, macho wameyafumba, bila kuwaza lolote. Ndovu, mwanafunzi wake, hatulii. Alikalia takia la sufi, likapasuka. Akakalia kichuguu, kikabomoka.

"Mwalimu, makalio yananiuma. Niruhusu nitafute takia jingine."

"Takia ni la wavivu!" Kobe akafoka. "Maumivu ni mgeni. Mkaribishe, ataondoka mwenyewe."

Kesho yake Kobe aliwahi darasani, akaingiza kichwa ndani ya gamba, akazama katika ukimya. Ndovu akaja macho ameshayafumba, kama alivyoagizwa. Akapapasa kwa mkonga, akakuta kitu cha mviringo, kigumu, kimeinuka kiasi chake. Akakaa. Mgongo ukanyooka, akili ikatulia tuli.

Jua lilipoanza kushuka, sauti ikalia chini yake: "Ndovu! Inuka, nakufa!"

Ndovu hakufumbua macho. Akajibu kwa upole, "Maumivu ni mgeni, Mwalimu. Mkaribishe."

Asubuhi iliyofuata Kobe alikuja mwenyewe na takia jipya, nene, akamkabidhi Ndovu kwa mikono miwili.