Kimya cha Darajani

Mounira alikuwa anatoka Lusangi, akimkimbiza mwanawe kwa gari hadi hospitali Kasongo. Kwenye kiti cha nyuma, mama yake Mounira alikuwa amempakata mtoto. Homa ilimnyima kusema tangu jana.

Kwenye daraja la mbao akapunguza mwendo, na moteri ya mafuta ikajizima yenyewe, kama kawaida ya gari hilo ambalo likienda polepole hutumia betri. Magurudumu yaliendelea kuviringika polepole. Siku zote kimya hicho kilimpendeza. Leo alisikia mbao tu, hakusikia pumzi.

“Mama, mutoto iko anapumua?”

Mama yake akainama. Akaweka sikio kifuani pa mtoto.

Kisha sauti kavu ya mtoto ikasema, “Mama, niko na njaa.”

Mounira akasimamisha gari palepale, akalaza paji la uso kwenye usukani. Nyuma yao pikipiki ikapiga honi. Hakusogea.