Ukuta wa Mabua ya Alizeti

Nyumba zote mpya hapa zinajengwa kwa udongo uliochanganywa na mabua ya alizeti, ile inayopandwa kwenye machimbo ya zamani ili inyonye sumu ardhini. Sheria ni moja tu: usitoboe ukuta, hata kwa msumari. Ukiwa mzima, sumu haitoki. Mimi kila asubuhi naupapasa, natafuta nyufa.

Leo nimesogeza kitanda nifagie. Upande anaolala mke wangu, Kabula, ukuta umekwanguliwa, umebonyea kama bakuli.

"Kabula! Nani kachimba hapa?"

Akajifuta midomo kwa upindo wa kanga, mkono mwingine juu ya tumbo lake kubwa.

"Usinigombeze, mume wangu. Udongo wa sokoni hauninukii mvua. Huu unanukia."