Shikamoo ya Chewa

Kitatange, samaki mwenye wasiwasi usiokwisha, aliishi na Kamba ndani ya tangi la kioo la maji ya chumvi, sebuleni kwa Bi Sanura. Siku moja Bi Sanura aliweka juu ya maji mifuko miwili ya nailoni yenye wageni, ielee ili wazoee joto la maji kabla hajawafungulia.

Mfuko wa kwanza ulikuwa na Chafi, mgongo wake miiba mitupu.

"Hiyo miiba ya nini?" Kitatange aliuliza akirudi nyuma.

"Ya kujikinga tu, mzee. Mimi nala majani."

Wa pili ulikuwa na Chewa, mdogo kama kidole. "Shikamooni, wazee wangu!"

"Marahaba, mwanangu! Huyu kalelewa," Kitatange alisema.

Kamba akamnong'oneza, "Mzee, tazama mdomo, usitazame adabu."

Kitatange hakusikia. Aliupiga mfuko wa Chafi kwa mkia, akaupiga tena, mpaka Bi Sanura akahofia ugomvi na kumrudisha Chafi dukani. Chewa akafunguliwa.

Kila asubuhi Chewa alisalimu, na kila asubuhi alikuwa amenenepa kidogo. Asubuhi moja, mwezi wa sita tangu aje, Kamba hakuonekana tena. Asubuhi hiyo Chewa hakusalimu. Alisimama tu mbele ya Kitatange, akimtazama.

Kimya kile kilimtisha Kitatange kuliko miiba yote ya Chafi. Alijikunyata pembeni mwa kioo, akasema kwa sauti ndogo, "Shikamoo."

Chewa akapanua mdomo. Kitatange alidhani anaitikiwa, mpaka giza lilipomfunika.